Walivyompeleleza Mume Wangu Kabla ya Kumpa Lori

Shamba la mkonge tulilokuwa tukikaa, upande wa kuelekea Ngoliba, lilipouza malori yake, madereva wawili walibaki bila kazi. Mmoja alikuwa mume wangu. Wa pili alikuwa mtu wa kwetu magharibi vilevile, jirani wa mlango wa tatu kwenye laini, zile nyumba za mstari za wafanyakazi. Msimamizi aliwaita wote wawili ofisini, akawaambia kwamba kuanzia sasa mkonge utabebwa na kampuni ya nje, na kwamba nyumba zetu zitahitajika kwa wakataji wapya. Akawashukuru. Mume wangu alirudi na kofia mkononi, akaketi kizingitini, na kwa muda mrefu akawa anaitazama ile kofia kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Alikuwa amejifunza kuendesha jeshini, wakati wa vita vikuu vya pili. Hakuwa mwanamume wa maneno mengi. Ukimuuliza habari za huko vitani, alikwambia habari za barabara: wapi palikuwa na matope, wapi palikuwa na mawe. Nilimpenda kwa hilo. Nilitoka kwetu nikamfuata Thika nikiwa msichana mwenye sanduku moja la bati, na watoto wetu wawili walizaliwa hapo hapo katika vumbi la mkonge.

Ilikuwa miaka ya Emajensi. Vijana wa leo wanaijua kwa kusoma, lakini sisi tuliijua kwa kutembea. Serikali ya wakoloni ilikuwa inapigana na Mau Mau, na kila Mkikuyu alikuwa mshukiwa mpaka aonyeshe kwamba siye. Hakuweza kuhama, hakuweza kuajiriwa, hakuweza hata kwenda kumwona mama yake mgonjwa bila ruhusa. Sisi watu wa magharibi tulipita kwa urahisi zaidi. Askari alitutazama, akasikia matamshi yetu, akatupungia mkono tuendelee. Nilikuwa napita nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu wanawake niliokuwa nikichota nao maji walikuwa wameketi kando ya barabara wakingoja kupekuliwa.

Mume wangu alikuwa na tanboi wake, yaani yule mwenzake wa kwenye lori anayepakia na kushusha mizigo na kutega jiwe nyuma ya gurudumu mlimani. Alikuwa Mkikuyu, kwao ni upande wa juu wa Ruiru. Walifanya kazi pamoja tangu kabla ya fujo kuanza. Mchana walikula pamoja, na jioni nyingi alikuja kwetu akala tena. Aliniita shemeji. Alikuwa anapenda kunicheka kwa jinsi nilivyosonga ugali mgumu, akisema unaweza kujengea nyumba, kisha anakula kuliko wote.

Asubuhi moja wanajeshi walizingira shamba. Wanaume wote wa Kikuyu waliketishwa uwanjani, mikono kichwani. Akaletwa mtu aliyefunikwa gunia mwili mzima, limetobolewa matundu ya macho. Walimwita gakunia. Kila mwanamume alisimamishwa mbele yake. Gunia likitikisa kichwa, mtu anapandishwa gari. Tanboi wetu alisimama, gunia likakaa kimya kidogo, kisha likatikisika. Hatukujua ndani alikuwa nani, wala alichosema ni nini. Mkewe na watoto wao walipelekwa kwao, wakaingizwa katika vile vijiji vya lazima vilivyozungushiwa mitaro, na yeye akapelekwa kambini.

Kwa hiyo, malori yalipouzwa, mume wangu alikuwa tayari amekaa msimu mzima akiendesha na tanboi mwingine asiyeongea naye.

*

Kampuni za malori zilizokuwa zikitafuta madereva siku hizo zilikuwa mbili ambazo sisi tulizijua. Moja ilikuwa Ruiru. Ilikuwa ya Wazungu, ilibeba kahawa ya mashamba, malori yake yalipakwa rangi upya kila mwaka, na madereva wake walipewa nyumba za mawe. Nyingine ilikuwa Thika mjini, ya Mhindi mmoja mwenye gereji. Ilibeba chochote: magome ya miwati ya viwanda vya ngozi, mbao, mananasi, mchanga. Watu walisema ile ya Ruiru inauliza sana na ile ya Thika haiulizi chochote. Tulidhani anayeuliza sana ndiye mwajiri mzuri. Mume wangu akavaa shati lake la kanisani akaenda Ruiru.

Alirudi akiwa na matumaini. Walimpa lori aendeshe, akalirudisha nyuma kati ya nguzo mbili bila kugusa hata moja. Karani alimuuliza alikofanya kazi, miaka aliyokaa, kama amewahi kupindua gari. Kisha akamuuliza alikuwa akifanya kazi na nani. Mume wangu akataja jina la tanboi. Karani akauliza yuko wapi. Mume wangu akasema yuko kizuizini.

"Karani alifanyaje?" nilimuuliza.

"Hakufanya kitu. Alisema watatuma mtu kuja kuuliza habari zangu huku. Ni kawaida yao."

Yule mtu alikuja mume wangu akiwa hayupo, na nadhani alichagua hivyo. Alikuwa Mwafrika wa makamo, askari polisi wa zamani, kaptura ya kaki imepigwa pasi, baiskeli safi. Alianza kwa majirani. Niliwaona wakisimama naye mmoja mmoja, wakijibu huku wakitazama mlango wangu. Alizungumza kwa muda mrefu na yule dereva mwenzetu wa mlango wa tatu. Halafu akaja kwangu, akaegemeza baiskeli ukutani, akabisha hodi kwa adabu kabisa.

"Karibu, baba," nikamwambia.

"Asante, mama. Sitakaa."

Akakaa. Aliuliza tunasali wapi. Aliuliza kama mume wangu anakunywa, kama ana mwanamke mwingine, kama huwa ananipiga. Nilijibu yote. Nilikuwa nimembeba mdogo mgongoni, na nilijikuta nikimtikisa ingawa hakuwa analia.

"Mumeo anajua Kikuyu?"

"Anajua cha kununulia viazi."

Hakucheka. "Yule tanboi wake alikuwa anakula hapa?"

Niliona kwamba swali lililomleta lilikuwa hilo, na mengine yote yalikuwa njia ya kufikia hapo. Nilifikiria kusema hapana. Lakini majirani walikuwa wamekwisha kuulizwa, na kila mtu pale laini alikuwa amemwona akila mlangoni kwangu.

"Alikuwa anakula," nikasema.

"Kila siku?"

"Siku ambazo chakula kilikuwepo."

"Walikuwa wanaongea nini?"

"Springi. Matairi. Walikuwa wanaongea habari za lori, baba. Ukitaka kulala usingizi, wasikilize hao wawili."

Alitazama chini ya kitanda, akainua kifuniko cha pipa la maji akachungulia, akanishukuru, akaondoka. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba changu mwenyewe nikihisi nimevuliwa nguo. Mume wangu aliporudi nilimweleza kila neno. Akasema, "Umesema vizuri. Ungesema nini kingine?" Lakini hakula jioni hiyo.

*

Wiki iliyofuata walimwita tena Ruiru. Safari hii hakuonana na karani tu. Alikuwapo meneja Mzungu na yule mpelelezi. Waliongea naye kwa upole. Walimwambia yeye ni dereva mzuri, kila mtu amemsifu, na lori lake liko pale nje linamngoja. Ila kampuni yao inaingia mashambani, inapita vizuizi vya barabarani, na malori ya watu wengine yamekamatwa yakiwapelekea Mau Mau chakula na risasi. Mtu aliyekaa miaka mingi na mfungwa wa Mau Mau kwenye kiti kimoja atakuwa ameona kitu. Akisema alichokiona mbele ya kamati inayowahoji wafungwa, basi kila mtu atajua yeye yuko upande gani.

"Nikawaambia sikuona kitu," mume wangu alinisimulia. "Yule mpelelezi akaniambia, 'Fikiri vizuri. Huyo mtu tayari yuko ndani. Neno lako halitamfunga mara ya pili. Ni neno tu.'"

"Ukasema nini?"

"Nikaomba nifikiri."

Aliposema hivyo hakunitazama. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nilikuwa nafikiri hicho hicho. Msimamizi alikuwa amekwisha kutuma mtu kupima milango yetu kwa ajili ya kufuli mpya. Nyumbani magharibi shamba la baba mkwe lilikuwa limegawanywa mpaka likawa mistari. Na tanboi wetu alikuwa tayari yuko ndani.

"Nitakwenda kumwona mkewe," nikasema.

"Kumwambia nini?"

"Sijui. Nitakwenda."

Hatukuruhusiwa kuingia ovyo katika vile vijiji, lakini nilijua kwamba wanawake wa huko walikuwa wakitolewa kwenda kuchuma kahawa katika mashamba ya upande wa Gatongora, chini ya ulinzi. Mashamba hayo yalikuwa yanachukua vibarua wowote waliofika asubuhi. Nikawaacha watoto kwa jirani, nikadandia gari la maziwa, nikajifunga debe kiunoni nikaingia kati ya mistari ya kahawa kama kibarua.

Nilimkuta mchana. Sikumtambua mara moja. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko, na sasa nguo ilikuwa inampwaya. Hongadi wawili, wale walinzi wa serikali wa kijijini, walikuwa wameketi kivulini na mikuki yao, wakitafuna miwa. Nikaingia upande wa pili wa mti aliokuwa anauchuma, tukawa na matawi katikati yetu.

"Ngai!" akasema kwa sauti ya chini. "Wewe umetoka wapi?"

"Nimekuja kukuona. Usinitazame. Chuma."

Tukachuma. Aliniuliza watoto wangu, nikamuuliza wake. Mkubwa alikuwa anakohoa. Mume wake alikuwa bado kwenye kambi ya karibu, na mara moja alikuwa amepata salamu zake kupitia kwa mtu aliyeachiliwa. Alikuwa anasema akiachiliwa atarudi kwenye lori.

Basi nikamwambia. Nilimwambia habari za Ruiru, maswali, meneja, kamati, na maneno ya yule mpelelezi kwamba ni neno tu. Nilisema kwa haraka ili nisipate nafasi ya kuona haya. Mikono yake haikusimama hata kidogo. Kahawa nyekundu ilikuwa inaanguka ndani ya debe, moja moja, na nikadhani labda hakunisikia.

"Atiriri," akasema hatimaye, neno wanalotumia wakitaka usikilize vizuri. "Una watoto. Mimi pia nina watoto. Siwezi kukwambia watoto wako walale nje. Mwambie aseme."

Nikavuta tawi jingine.

"Lakini aombe niitwe niwepo," akaongeza. "Waniite kutoka kijijini nisimame pale. Nataka kusikia akisema. Nataka nimwone mdomo wake ukisema mume wangu alibeba risasi. Halafu apewe lori."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekuagiza kibiriti dukani. Hongadi mmoja akainuka akapiga kelele tuache domo, naye akabeba debe lake akahamia mti mwingine.

Nilimfikishia mume wangu maneno yale yale, bila kupunguza wala kuongeza. Alisikiliza huku akiwa ameshika kikombe cha chai. Aliponiuliza, "Alisema atanitazama nikisema?" nikasema ndiyo. Akaweka kikombe chini. Kesho yake alikwenda Ruiru kwa mguu kiasi, kwa gari kiasi, akawaambia hana la kusema, akarudi.

Mwezi ule ule dereva mwenzetu wa mlango wa tatu alihamia Ruiru. Mkewe alikuja kutuaga akiwa amevaa kitambaa kipya, akatuambia wamepewa nyumba ya mawe yenye dirisha la kioo. Mume wake alikuwa nyuma yake, anapakia godoro, na hakuja mlangoni kwetu. Hatukuambiwa kitu. Baada ya muda tukasikia kwamba tanboi wetu amehamishwa kutoka kambi ya karibu, amepelekwa mbali sana, kwenye nchi ya joto na mawe, kambi ya wale walioitwa wabaya kabisa. Salamu zikakatika.

Mume wangu alipata habari hiyo sokoni Thika. Alirudi akaniambia, kisha akatoka nje akasimama kwenye mkonge, mpaka mtoto mkubwa akaniuliza baba anatafuta nini.

*

Ikabaki ile kampuni ya Thika. Na sasa mimi ndiye niliyeanza kuogopa. Nilikuwa nimejifunza kwamba kuna mwajiri anayeuliza kwa nia mbaya, lakini sikuelewa huyu asiyeuliza kitu ana nia gani. Mume wangu alikuwa amekwenda gerejini kwake, yule Mhindi akaitazama leseni yake upande mmoja tu, akamwambia, "Njoo Jumatatu." Hakuuliza ametoka wapi. Hakuuliza hata kabila.

"Na dereva aliyekuwa na lori hilo ameenda wapi?" nikamuuliza mume wangu.

"Sikuuliza."

"Wenzako wa Ruiru walituma mtu kuangalia chini ya kitanda changu. Na sisi twende tukaangalie chini ya kitanda chake."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, lakini alijua sifanyi mzaha. Nikaenda mwenyewe. Nyuma ya gereji ile palikuwa na vyumba vya mabati walivyokaa wafanyakazi. Nilikuta mwanamke anafunga vyombo kwenye shuka. Nikamsalimia kwa Kiswahili, akajibu, na kwa namna alivyojibu nikajua ni wa kwetu. Nikageuza lugha. Akaacha shuka akaketi chini, akalia kwanza, ndipo akaongea.

Mume wake alikuwa ndiye dereva wa lori lile. Alikuwa amelazwa hospitali, nyonga imevunjika, na madaktari walisema hatatembea sawasawa tena. Lori lilikuwa limemshinda kwenye mteremko wa kuingia daraja la Mto Chania, likiwa na magome ya miwati, likaacha barabara. Tajiri, yaani yule Mhindi, alisema alikuwa amelewa.

"Mume wangu hajawahi kuonja hata busaa," akaniambia. "Ni mtu wa kanisa. Alimwambia tajiri breki zinazama mpaka chini. Alimwambia mara nyingi. Tajiri akamwambia, pampu, pampu, itashika. Sasa ameivuta ile gari, amenyoosha bodi, amepaka rangi. Breki, mimi sijaona mtu akizigusa."

Niliporudi nilimwomba mume wangu asiende. Tulikuwa tumebakiwa na siku chache katika nyumba ile, na tulijua wote wawili kwamba hakuna kampuni ya tatu. Mwishowe akasema, "Nitakwenda, lakini tajiri naye atapanda."

Jumatatu nami nilikwenda. Sikumwambia kwamba nakwenda, nilimfuata tu, na mdogo mgongoni, nikaketi kwenye baraza ya fundi cherehani, ng'ambo ya barabara. Lori lilikuwa limepakiwa mbao. Mume wangu aliinama chini ya bodi, akatoka, akajipangusa mikono, akaongea na tajiri. Niliona tajiri anapungia mkono kuelekea barabarani. Mume wangu hakusogea.

"Nitapeleka, bwana," nikamsikia, kwa sababu alikuwa amepaza sauti kuliko kawaida yake. "Lakini leo twende pamoja mpaka darajani. Wewe na mimi. Uone jinsi ninavyoendesha."

"Mimi nina kazi."

"Mimi pia naitaka kazi. Ndiyo maana."

Mafundi waliacha nyundo zao. Nadhani ni macho ya mafundi yaliyompandisha yule tajiri. Alifungua mlango kwa nguvu, akaketi, na lori likaondoka likielekea mtoni. Fundi cherehani aliniuliza kama yule dereva ni mtu wangu. Nikasema ndiyo. Akaacha kukanyaga mashine yake, naye akawa anatazama barabara.

Walichukua muda mrefu kuliko safari ya kwenda darajani na kurudi. Nilianza kusali, lakini sala haikuenda mbele ya maneno ya kwanza. Halafu nikawaona. Walikuwa wanakuja kwa miguu, wamefuata ukingo wa barabara, mume wangu mbele na tajiri nyuma. Suruali nyeupe ya tajiri ilikuwa nyekundu kwa udongo toka magotini hadi chini, na kiatu kimoja alikuwa amekishika mkononi.

Mume wangu alinisimulia baadaye. Alikuwa ameshuka polepole kwa gia ya chini kabisa tangu juu, kwa sababu alijua. Katikati ya mteremko akakanyaga breki ili tajiri aone, na pedali ikazama kama kwenye matope. Tajiri akasema, "Pampu!" Akapampu. Tajiri akasema tena, "Pampu!" na safari hii alikuwa anapiga kelele. Mume wangu akalilaza lori kwenye ukingo wa udongo upande wa juu, likaukwangua, likaukwangua, mpaka likakwama. Mbao zikateleza mbele zikavunja kioo cha nyuma ya vichwa vyao. Hakuna aliyeumia. Tajiri alishuka akaketi kwenye nyasi, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba yule dereva wa hospitali alimwambia.

Alipofika gerejini hakuongea na mtu. Alikunywa maji ya bomba kwa viganja. Kisha akamwita fundi mkuu akamwambia ashushe breki zote za malori yote, hata yale mazima. Mume wangu alingoja kufukuzwa. Tajiri akamwambia, "Kaa. Nyumba iko nyuma. Mwambie mama yule pale kwa cherehani alete vitu." Alikuwa ameniona muda wote.

Tulihamia kwenye chumba cha yule mwanamke, ambaye alikuwa ameshahama; mumewe alipotoka hospitali walipanda treni kurudi magharibi. Nilisikia tajiri aliwalipia safari na kumtumia mumewe kitu baadaye. Sijui kama kilitosha. Nililala katika chumba chao miaka mingi na sikuacha kumfikiria.

*

Emajensi ilipokaribia kwisha, tanboi wetu aliachiliwa. Alikuja Thika akiwa na ruhusa ya siku hiyo tu. Nilimjua kwa mwendo, kwa sababu uso ulikuwa umekuwa wa mzee. Nikamsongea ugali, akala kidogo, akausukuma kando, wala hakutania.

Mume wangu alimpeleka kwa tajiri siku ile ile. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba atampa kazi. Mtu huyu ambaye hakuwahi kuuliza chochote, atauliza nini leo? Lakini tajiri alimtazama tanboi, akamtazama mume wangu, akauliza, "Alikuwa wapi?" Aliposikia, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Akasema sasa ofisi ya wilaya inakuja kukagua kila mtu anayepanda malori yake, na wakimkuta mtu wa kambi ile watamnyang'anya leseni. Mume wangu alibishana naye mpaka sauti ikamkauka. Haikusaidia.

Akaenda kupasua mawe kwenye machimbo ya upande wa Ruiru, kifua chake kikiwa kimeharibikia kambini. Huko hawakuuliza mtu habari zake. Jumapili alipopata nafasi alikuja kwetu na mkewe, tukala, na polepole wakaanza tena kuongea habari za springi.

Jumapili moja akasema, kama mtu anayeuliza saa, "Nilisikia walikuomba unisemee vibaya."

"Waliniomba," mume wangu akajibu.

"Mke wangu aliniambia ulikataa. Nami nikamwuliza, basi nani alisema? Kwa sababu kule kambini walinisomea. Walinisomea mambo ya lori. Vituo tulivyosimama, shamba lile, kila kitu, halafu wakaongezea risasi. Ni mtu wa lori aliyesema."

Mume wangu alinitazama. Miaka yote hiyo tulikuwa tumekubaliana bila kusema kwamba hatutalitaja jina hilo, kwa kuwa hatukuwa na ushahidi, tulikuwa na nyumba ya mawe tu na godoro lililopakiwa haraka. Nikamwambia, "Mwambie unachodhani."

Akamwambia. Tanboi akawa anasugua mavumbi ya mawe yaliyokuwa kwenye kucha zake.

"Huyo," akasema, "ndiye aliyekuwa akimletea mke wangu sukari. Nilipokuwa ndani. Akipita na lori la kahawa, anamwachia sukari pale shambani. Nilikwenda kumshukuru. Wiki iliyopita nilimshika mkono nikamshukuru."

Tukamgeukia mkewe wote watatu. Alikuwa anamsuka binti yangu nywele, kichwa cha mtoto kimelala kwenye paja lake.

"Nilijua," akasema. "Hakuwa rafiki yako. Hakuwahi kula kwetu hata siku moja. Halafu umehamishwa, na yeye anaanza kuleta sukari. Ungedhani nini?"

"Na ukaipokea?" mumewe akamwuliza.

"Nikaipokea. Mara ya kwanza nilitaka kuimwaga mbele ya macho yake. Lakini mtoto alikuwa anakohoa, nikampikia chai."

Tanboi akainuka akatoka nje, na mume wangu akamfuata. Niliwaona kwenye uwanja wa gereji, wamesimama kando ya lori, mmoja ameegemea bodi, mwingine ametia mikono mfukoni. Mkewe alimalizia msuko, akamwambia binti yangu ageuze kichwa upande wa pili, akachukua kitana akaanza kugawa nywele upya.